Baa kongwe ikikarabatiwa, kinachoondoka ni nini hasa?

#1 Kigoda_cha_Pembeni
Wakuu, salaam.

Kuna baa ya mtaani ambayo baba yangu alikuwa mteja kabla yangu, na mimi nikarithi kiti chake. Ilifungwa kwa ukarabati, imefunguliwa juzi, Jumamosi nikaenda. Kaunta ni ileile. Picha ukutani ni zilezile, tena kwa mpangilio uleule, mpaka ile ya timu ya mpira ambayo hakuna anayekumbuka iliwahi kushinda nini. Saa ya ukutani ipo. Kengele ya kuwatimua watu ipo. Aliyeinunua ni muungwana, hajavunja kitu.

Lakini nilikaa nusu saa nikajiona kama niko kwenye picha ya baa, siyo kwenye baa. Nikatafuta kilichopungua, nikakikosa. Kitu kimoja tu nilikishika kwa mkono: mwisho wa kaunta, upande wa ukuta, palikuwa na bonde la kiwiko. Sitanii, bonde. Ukiweka mkono unatulia kama kisu kwenye ala. Wamepiga randa. Sasa pamenyooka kama meza ya mwalimu.

Swali langu: ile hali ya zamani huwa inakaa wapi? Kwenye mbao, kwenye watu, kwenye uchafu, au kichwani mwangu? Na inaweza kutengenezwa?

#2 Mzee_wa_Povu
Uchafu. Tusizungushane.

Nottingham, Uingereza, kuna baa inaitwa Ye Olde Trip to Jerusalem, imejibana kwenye mwamba chini ya ngome. Ndani kuna kijimeli cha mbao kimejaa vumbi hadi hujui kama ni meli au kiota. Wanasimulia kwamba waliowahi kukisafisha walikufa vifo vya ajabu, kwa hiyo hakuna anayekigusa, kimefungiwa kwenye kioo. New York kuna McSorley's, pale juu kwenye taa ya zamani inaning'inia mifupa ya vidari vya bata mzinga, wanasema ilitundikwa na askari waliokuwa wanakwenda Vita Kuu ya Kwanza. Aliyerudi alichukua wake. Iliyobaki ni ya ambao hawakurudi. Vumbi lake lilikuwa nene kama sufi. Na sakafuni wanamwaga maranda mpaka leo. Safisha vyote hivyo uone kama utabaki na baa.

#3 Ufagio_Mpya
Kwa hiyo mkuu unataka baa isiyofagiliwa. Ngoja niwaletee bibi afya awape cheti cha ukale.

#4 Bi_Tambara
Mzee wa Povu, nimesimama nyuma ya kaunta miaka 19. Huo uchafu unaousifu mimi nilikuwa nalipwa kuutoa, na nikiuacha naambiwa mvivu. Kila usiku tambara la moto, kila asubuhi tambara la moto. Kaunta yangu ilikuwa safi kuliko meza yako ya chakula na watu walikuwa wanakuja kuishangaa ilivyo ya zamani.

Mimi nasema ni sauti. Baa ya zamani unasikia glasi ikitua. Unasikia mtu wa meza ya tatu akivuta kiti, unajua ni nani bila kugeuka. Muanzisha uzi, nikuulize: wameweka spika?

#5 Kigoda_cha_Pembeni
Dada umenishika pabaya. Zipo nne darini, ndogondogo, muziki wa chini. Tena muziki wa zamani.

#6 Bi_Tambara
Ndiyo hapo. Muziki wa zamani kwenye spika mpya. Kesi imekwisha.

#7 FundiRanda
Haijaisha. Nami ni seremala, nimewahi kuitwa kukarabati kaunta mbili za aina hiyo, na moja niliiharibu mwenyewe kwa nia njema, kwa hiyo nisikilizeni.

Kwanza, #2, si maranda. Maranda ni yale mapande yanayojikunja kutoka kwenye randa, yakilowa yanateleza kama ganda la ndizi. Kinachomwagwa sakafuni ni unga wa msumeno. Kazi yake ni kunyonya bia iliyomwagika, matope ya viatu, na enzi hizo mate ya watu wa tumbaku. Asubuhi unafagia vyote kwa mkupuo. Si pambo, ni dekio la maskini.

Pili, hilo bonde la kiwiko. Kaunta za zamani nyingi zilipakwa shelaki, ile vanishi ya zamani ya kung'arisha mbao, na shelaki inayeyuka kwenye pombe kali. Kila tone lililomwagika lilikula kidogo, kila glasi yenye unyevu iliacha duara jeupe, mhudumu akafuta, mwenye baa akapaka tena juu yake. Miaka 80 ya hivyo unapata uso wenye mawingu, pengine peusi, pengine dhahabu. Mbao ikishakosa ngozi, kiwiko nacho kinaila. Siku hizi tunapaka vanishi ya plastiki. Hailiwi na pombe, hailiwi na maji, hailiwi na kitu. Mteja anaweza kukaa pale mpaka afe na kaunta haitajua kama aliwahi kuja.

Kaunta ya kwanza ilikuwa inaandikika. Hii mpya haiandikiki. Ndicho walichokitoa kwako.

#8 Msomi_wa_Lebo
FundiRanda, heshima. Niongeze kwenye mbao. Ile kabati kubwa ya vioo na nguzo nyuma ya mhudumu, kwenye baa nyingi za kale za Marekani, si kazi ya fundi wa mtaa. Zilitengenezwa kiwandani mwishoni mwa karne ya 19, zikasafirishwa kwa treni. Kampuni ya Brunswick, hawahawa wa meza za biliadi, walikuwa na kiwanda chake Dubuque, Iowa. Unachagua kwenye katalogi. Kwa hiyo hata kinachoitwa asili kilikuwa bidhaa ya kuagiza. Kisha marufuku ya pombe ya kuanzia Januari 1920 hadi Desemba 1933 ikaipiga vibaya biashara hiyo.

Na kwa #2, mifupa ya McSorley's ilishasafishwa. Mwaka 2011 wakaguzi wa afya walikuja juu, mwenye baa akaishusha akaifuta vumbi mwenyewe. Baa haikufa. Nadharia yako ya uchafu imeanguka.

#9 Mzee_wa_Povu
Haijaanguka, imefagiliwa tu. Na uliyemtaja alifuta mwenyewe, hakumwachia mtu. Kwa nini? Jijibu.

#10 Ufagio_Mpya
Hiyo McSorley's si ndiyo ya mwaka 1854? Miaka hiyo yote hawajapata ufagio?

#11 Msomi_wa_Lebo
1854 ndivyo wanavyosema wao. Waliochimba rekodi za kodi za jiji wanadai kiwanja kile kilikuwa kitupu mpaka kwenye mwaka 1861 hivi. Ndivyo zilivyo karibu zote. Trip to Jerusalem imeandika ukutani 1189, lakini jengo lenyewe linahesabiwa kuwa la karne ya 17, mapango ndiyo ya zamani zaidi. Brazen Head ya Dublin inadai 1198, jengo ni la 1754. Sean's Bar ya Athlone, Ayalandi, inadai mwaka 900.

#12 Njia_Panda
Sean's usiiguse. Nilipita pale safarini. Walipokarabati mwaka 1970 waliukuta ukuta wa fito na udongo ndani ya ukuta, kipande chake wamekiacha kwenye fremu ukione. Wazungu wanakipiga picha kwa mshangao. Mimi nilikitazama nikacheka peke yangu, fito na udongo si kitu cha kunishangaza. Ila sakafu, wakuu, sakafu imeinama kuelekea mtoni. Wanasema ni ili maji ya mafuriko yatoke yenyewe. Ukiweka chini kitu cha duara kinakukimbia. Hapo ndipo mwili wangu uliamini kwamba mahali hapa ni pa kale, kabla kichwa hakijaanza kubishana na tarehe.

Kwa hiyo kura yangu: sakafu.

#13 Pilipili_Hoho
Nawasoma kimya toka jana, na nauliza: hiyo hali ya zamani mnayoililia ilikuwa ya nani? McSorley's hiyohiyo haikuruhusu mwanamke kuingia mpaka Agosti 1970, na mpaka ipelekwe mahakamani. Sasa mimi nikisikia mwanaume anasema baa fulani "imepoteza ladha ya zamani" huwa najiuliza kama hiyo ladha ni kutokuwepo kwangu.

#14 Msomi_wa_Lebo
Kweli tupu dada. Na kuna la kushangaza zaidi: kuanzia 1939 mmiliki wake alikuwa mwanamke, Dorothy O'Connell Kirwan, aliyerithi kwa baba yake. Aliheshimu sheria ya nyumba yake mwenyewe, hakuwa anaingia wateja wakiwamo.

#15 Pilipili_Hoho
Yaani analipa bili za mahali asipoweza kukaa. Asante, sina la kuongeza.

#16 Bi_Tambara
Mimi ninalo. Dada Pilipili uko sahihi ila usitupe yote. Baa nyingi za zamani za Ayalandi na Uingereza zilikuwa na vijichumba, mlango wake, kidirisha chake cha kupokelea kinywaji. Wanawake walikuwa wanakaa humo, na padri, na polisi ambaye hakupaswa kuonekana. Crown ya Belfast bado inavyo kumi, vimepewa herufi A mpaka J, kila kimoja na kengele ya kumwita mhudumu na bati la kuwashia kiberiti. Taa ni za gesi mpaka leo. Chama cha urithi, National Trust, ndicho kinaimiliki tangu 1978.

Nilikaa mle na dada yangu mvua ikinyesha. Unamsikia kila mtu na huonekani. Nikabonyeza kengele kwa kuona aibu, maana miaka yote mimi ndiye niliyekuwa naitwa.

#17 Kigoda_cha_Pembeni
Bi Tambara hii imenikumbusha. Kwetu palikuwa na kiambaza cha mbao, usawa wa kifua, kati ya kaunta na meza. Kimetolewa "ili pawe na hewa". Sikukiwazia kabisa nilipoandika #1.

#18 FundiRanda
Ulisema hawajavunja kitu!

#19 Kigoda_cha_Pembeni
Ndugu yangu, kilikuwa kiambaza tu. Nani anakumbuka kiambaza?

#20 Darubini
Sasa tunaanza kuelewana. Lamb ya London bado ina vile vioo vidogo vya kuzungushwa juu ya kaunta, vimechorwa maua usione vizuri upande wa pili. Vilikuwa vya mteja mwenye cheo asionane uso kwa uso na mhudumu. Nia yake ilikuwa mbaya kabisa, dharau tupu. Lakini matokeo yake ni chumba kilichokatwakatwa, kila kona ina siri yake. Wamiliki wa sasa wanabomoa kuta ili mhudumu mmoja aone meza zote. Ni hesabu ya mishahara, si usanifu. Chumba kikiwa kimoja, ni ukumbi. Na ukumbi hauwi mzee, unachakaa tu.

#21 Chenji_Hakuna
Mnasahau umaskini. Baa iliyobaki ya zamani ni ile ambayo mwenyewe hakuwa na hela ya kuifanya mpya. Wenye hela waliweka vigae miaka ya 60, wakang'oa wakaweka mazulia miaka ya 70, wakang'oa wakaweka mbao. Yule asiyekuwa nazo akaambiwa mshamba miaka 50, kisha siku moja akaambiwa ana urithi wa taifa. Hakuna siri hapo.

#22 Mzee_wa_Povu
Na moshi! Nani kataja moshi? Ile rangi ya dari, kahawia ya chai ya maziwa, ni sigara. Ayalandi ilikuwa nchi ya kwanza kupiga marufuku kuvuta ndani ya baa, 29 Machi 2004, Uingereza ikafuata Julai 2007. Wiki iliyofuata watu wakagundua baa zao zinanuka nini hasa: bia iliyochacha na choo. Moshi ulikuwa unaficha.

#23 Ufagio_Mpya
Uchafu unaficha uchafu. Mzee umerudi palepale 😂

#24 FundiRanda
Nina jamaa fundi wa rangi, kazi yake moja ni kuchanganya hiyo kahawia ya moshi kwenye ndoo, aipake dari mpya ionekane ilivutiwa sigara miaka mia. Anasema siri ni kuacha weupe kidogo kwenye pembe, moshi haufiki sawasawa kila mahali. Nilimuuliza kama haoni haya. Akaniambia mbona wewe unatia viti mikwaruzo kwa mnyororo. Nikanyamaza.

#25 Njia_Panda
Hapo ndipo lile swali la pili la #1. Inaweza kutengenezwa, na inauzwa. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 kuna kampuni inaitwa Irish Pub Company, inabuni baa ya Kiayalandi na kukutumia kwenye makontena popote ulipo. Unachagua mtindo: ya kijijini, ya Kiviktoria, ya duka la zamani, ya kiwanda cha bia. Nimekunywa kwenye za namna hiyo mabara matatu. Jembe lilelile ukutani, baiskeli ileile darini.

Na niwe mkweli, moja ilikuwa nzuri. Watu wake walikuwa wameshaizoea miaka 20. Jembe la uongo, watu wa kweli.

#26 Darubini
Nitakutia kwenye mtihani basi. London, mtaa wa Maida Vale, kulikuwa na Carlton Tavern, ya miaka ya 1920-21, ilinusurika mabomu ya vita. Mwaka 2015 wamiliki waliibomoa bila kibali. Wakazi walikuwa wamewahisi mapema, wakawaita watu wa urithi wakapiga picha na kuchukua kalibu za plasta za vigae. Halmashauri ikaamuru ijengwe upya kama ilivyokuwa, tofali kwa tofali. Ikafunguliwa tena Aprili 2021.

Je, hiyo ni baa ya 1921 au ya 2021?

#27 Chenji_Hakuna
2021. Risiti ya saruji ninayo.

#28 Pilipili_Hoho
1921. Wakazi waliigombania miaka sita. Mahali ambapo watu wanaenda kwenye mabaraza kupigania si papya.

#29 Msomi_wa_Lebo
Matofali mengine yaliokolewa kwenye kifusi yakarudishwa. Kwa hiyo zote mbili.

#30 Darubini
Msomi, "zote mbili" si jibu, ni kukimbia bili.

#31 Babu_Kaa_Chini
Wajukuu, mnaongelea kuta kama mafundi na tarehe kama makarani. Baa ni nani anakaa wapi.

Niliwahi kuingia kwenye baa ya zamani katika mji nisioujua, mchana, mvua, watu watano tu. Viti 14 vitupu. Nikachagua kimoja, kile cha karibu na dirisha. Hakuna aliyesema neno. Ila mhudumu alikawia kuja, na yule mzee wa pembeni akageuza glasi yake nusu mzunguko, hivi, taratibu, bila kunywa wala kunitazama. Nikahama kiti kimoja kwenda kushoto. Mhudumu akaja papo hapo na tabasamu. Baada ya dakika kumi akaingia mwenye kiti, akakaa bila kutazama kama kipo wazi. Hakuna kibao, hakuna kamba. Hiyo ndiyo hali ya zamani, na huwezi kuipiga randa.

Yule msomi wa Kimarekani, Ray Oldenburg, alipaita mahali pa tatu: si nyumbani, si kazini. Mimi nilipaita kwa jina la mwenye baa tu.

Kigoda, hukutuambia jambo moja. Jumamosi ile, wazee wenzako walikuwepo?

#32 Kigoda_cha_Pembeni
Shikamoo babu. Wawili. Wengine walipata kwingine wakati wa ukarabati, na mmoja tulimzika.

#33 Babu_Kaa_Chini
Marahaba. Pole.

#34 FundiRanda
Pole sana mkuu. Bonde lilikuwa la kiwiko chake?

#35 Kigoda_cha_Pembeni
La baba. Yule alikuwa anakaa kiti kinachofuata.

#36 Mtoro_wa_Choo
Poleni. Natoka nje ya mada kidogo: mbona hamjataja vyoo? Philharmonic ya Liverpool ina vyombo vya kukojolea vya marumaru ya rangi ya waridi, watu wanapanga foleni kuviona. Mwaka 2020 jengo lilipandishwa daraja la juu kabisa la majengo ya urithi Uingereza.

#37 Pilipili_Hoho
Vya wanaume, bila shaka.

#38 Mtoro_wa_Choo
…vya wanaume.

#39 Mgeni_Rasmi
Wakuu, mimi mwezi ujao natembelea baa ya namna hii mara ya kwanza. Naingiaje nisionekane mtalii?

#40 Bi_Tambara
Utaonekana, usihangaike. Nenda siku ya kazi saa tisa alasiri, kabla ya watu wa kutoka kazini. Kaa kaunta, siyo meza, lakini soma #31 kwanza. Agiza wanachokunywa wao. McSorley's wanauza bia mbili tu, nyeupe na nyeusi, na glasi zinakuja mbilimbili, usianze kuuliza menyu. Simu mfukoni mpaka glasi ya pili, halafu omba ruhusa ndipo upige picha, na mhudumu asiwemo kama hataki. Usiulize "hapa ni pa mwaka gani", tumeulizwa hilo mpaka tunaota. Uliza hicho kilichotundikwa pale ni nini. Hapo huondoki mapema.

#41 Ufagio_Mpya
Na usiende na ufagio.

#42 Chenji_Hakuna
Kigoda, ulisema saa ipo. Inasoma sawa? Baa nyingi za zamani saa inawekwa mbele dakika tano mpaka kumi na tano, wateja wawahi kumaliza kabla ya saa ya sheria.

#43 Kigoda_cha_Pembeni
Yetu ilikuwa mbele dakika 12. Watu wote walijua, wote wakajifanya hawajui. Sikuiangalia. Nitapita Alhamisi.

#44 Kigoda_cha_Pembeni
Nimepita. Saa inasoma sawasawa na simu. Nikamuuliza mwenye baa, akasema waliikuta imeharibika, inakimbia, wakailipia fundi wa saa airekebishe. Alinieleza kwa furaha kabisa.

Nikamwambia haikuwa mbovu. Akanitazama, akapanda kwenye kiti mwenyewe, akasogeza mshale kwa kidole. Wale wazee wawili wakapiga meza.

#45 Mzee_wa_Povu
Alifuta vumbi la juu ya saa alipopanda?

#46 Kigoda_cha_Pembeni
Hapakuwa na vumbi.

#47 Mzee_wa_Povu
Basi bado.

#48 FundiRanda
Kigoda, mwambie huyo jamaa asipake tena vanishi ya plastiki ile pembe ya ukutani. Futi mbili tu. Aiache na shelaki, mimi nitakuja kuipaka bure. Halafu ni kazi yako na kiwiko chako.

#49 Bi_Tambara
Na azime zile spika.

#50 Darubini
Bado sijajibiwa kuhusu Carlton.